Kanuni ya Kushuka Farasini

Jumatatu, 21 Juni 1512

Mjane Bibi Violante ametangaza: atakayeshinda pambano la mikuki siku ya Mtakatifu Yohana ndiye atakayekubaliwa posa yake. Tumejitokeza wawili tu, mimi na Don Galcerán. Yeye ana mkono wa chuma. Mimi nina maktaba.

Nimevipitia upya vitabu vyangu kumi na tisa vya mashujaa. Natija ni bayana: mmoja akiangushwa, aliyebaki juu hushuka, wapigane chini kwa usawa. Mara mia mbili na kumi na nne! Hakuna hata mmoja aliyekataa. Na Don Galcerán ana goti bovu. Juu ya farasi ni simba. Chini, hafiki mlangoni bila fimbo. Basi nitaanguka kwa hiari yangu. Kanuni itamshusha. Goti litamaliza kazi.

Jumanne, 22 Juni

Mazoezi ya kuanguka. Mara sita, upande wa kushoto, juu ya majani makavu. Urraca, mpishi wangu, alisimama mlangoni na bakuli la dengu, akauliza aliyelewa ni bwana au ni farasi. Nikamweleza kanuni. Akasema yeye hajasoma, ila siku zote alidhani kazi ya mpanda farasi ni kupanda. Ujinga ulioje!

Alhamisi, 24 Juni

Tarumbeta. Vumbi. Zilipobaki hatua kumi nikajiachia, kushoto, kwa ustadi. Kishindo! Nikiwa chali, nikapaza sauti kama vitabu vinavyoelekeza, nikimtaka mwenzangu ashuke tupigane kwa usawa. Kutoka ng'ambo ya uzio uliotutenganisha, kutoka ardhini, Don Galcerán akanitaka vivyo hivyo.

Naye amesoma!

Mikuki haikugusa mtu. Tukalala pale, kila mmoja akimsihi mwenzake ashuke, hata waoka mikate waliokuja kutazama wakapiga kelele tuletewe mito. Farasi wake alisimama kula nyasi. Wangu alifika mwisho wa uwanja, naye ndiye aliyefungwa leso ya Bibi Violante shingoni, kama mshindi. Mchumba, akasema bibi, leo hajamwona. Pambano litarudiwa siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwezi Septemba.

Ijumaa, 25 Juni

Mbavu! Urraca, akinikanda kwa siki, amesema: "Bwana wee, mwenzio kajiangusha mwenyewe! Ungekaa kitako tu hapo juu, saa hizi tungekuwa tunapika pilau la harusi."

Nimeipima hoja hiyo kwa uangalifu, nikaikataa. Haimo katika kitabu chochote. Kosa liko wazi: tulianguka pamoja, maana yake nilichelewa.

Siku ya Mtakatifu Mikaeli nitaanguka kabla ya tarumbeta.