Choo cha Dorothée na Shahada Yangu

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Lusangi

Nimekwisha. Ujumbe wa Profesa Laura uliingia asubuhi, rezo ya simu iliposhika kidogo. Amesoma tasnifu yangu. Ameipenda! Hapo ndipo hofu inapoanza. Sasa anataka kuona, kwa kamera ya simu, choo cha mfano nilichokisifu ndani yake: choo cha nyumbani kwangu, chenye kifuniko, mlango na maji ya kunawa, kilichowavuta majirani wote kuchimba vyao.

Choo hicho hakipo. Kilikuwepo cha zamani, mvua za Aprili zikakimeza. Nilikusudia kuchimba kingine. Kisha nikaanza masomo ya uzamili ya afya ya jamii kwa intaneti, na nani ana nafasi ya kuchimba choo wakati anaandika juu ya vyoo?

Profesa amechagua Jumapili.

Jumanne, 4 Novemba

Sikulala. Nikigunduliwa, nafukuzwa masomoni. Nikifukuzwa, cheo cha msimamizi wa zoni ya afya kinakwenda kwa Dorothée, muuguzi mwenzangu kituoni, jirani yangu ukuta kwa ukuta, naye yumo katika masomo hayohayo. Daktari wa zoni alisema wazi: atakayemaliza kwanza ndiye.

Na Dorothée ana choo! Matofali ya kuchoma, mlango wa bati la bluu. Nyumba yangu yote huenda kujisaidia kwake. Mimi natumia cha kituoni. Dorothée halalamiki. Anatabasamu tu. Nawajua watu wanaotabasamu. Historia imejaa damu waliyoimwaga.

Jioni habari mbaya: kipindupindu kimeonekana migodini Salamabila, na wachimba dhahabu wa huko wanapita hapa kwa pikipiki kutwa. Mke wangu Régina, na mtoto wetu mchanga Élysée kifuani, aliniambia nichimbe shimo, si kwa ajili ya profesa, kwa ajili ya huyu. Nilimweleza kwamba suala la usafi wa mazingira lina mizizi katika ukoloni. Akasema mizizi ndiyo hiyohiyo, nichukue jembe niikate.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata! Akili ni mali. Sitachimba. Nitakikopa choo cha Dorothée bila kumsumbua kwa kumwomba. Jumapili atakuwa misani. Ni mwanakwaya, hukaa mpaka mwisho. Mimi ni Mwislamu, nitabaki nyumbani. Nitapita kwenye pengo la ua, nitaonyesha mlango wa bluu, kifuniko, maji, nitarudi. Nani atajua?

Hatari moja: mama mkwe. Alikuja kumlea Régina baada ya kujifungua. Jina lake silitaji, hata humu. Kwetu mkwe hatajwi, hatazamwi usoni, na kuhusu choo usiseme: mwanamume na mama wa mkewe hawaingii choo kimoja, na wakikutana mlangoni pake ni aibu ya kulipiwa mbuzi. Nina mbuzi mmoja tu. Lakini mama mkwe naye ni Mkatoliki, atakwenda na Dorothée. Nimeuliza kupitia Régina, mara mbili. Régina akasema tangu lini nimependa misa namna hii.

Jumapili, 9 Novemba

Ee Mungu. Ee Mungu!

Wote walikwenda kanisani. Niliwaona kwa macho yangu. Profesa Laura akapiga saa aliyosema. Ni mzaliwa wa Kindu, sauti ya upole, macho kama ya mkaguzi. Nilipita kwenye pengo la ua nikimweleza kwa Kifaransa juu ya mabadiliko ya tabia katika jamii.

Kosa langu liko hapa. Kwetu mtu anayekaribia choo hukohoa. Aliyemo hujibu kwa kukohoa, na anayekuja hurudi nyuma kwa heshima. Mtoto mdogo anajua. Mimi sikukohoa. Nitakohoaje mbele ya profesa wa afya ya jamii, katika majira haya ya magonjwa? Angesema nimeambukizwa!

Mlango wa bluu ukafunguka kutoka ndani. Mama mkwe! Maharage ya jana yalikuwa yamemtoa misani.

Sikumbuki kuiachia simu. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimelala kifudifudi katika muhogo wa Dorothée. Kuirudia simu ilikuwa kumsogelea mama mkwe pale pale mlangoni. Haiwezekani. Afadhali chui.

Naye akaiokota. Profesa akamwamkia kwa Kiswahili. Nilisikia kila neno. Akamuuliza habari za choo cha Bwana Moustapha.

"Hiki? Hiki iko ya Dorothée, mwanangu. Ya mukwe wangu ilianguka na mvua. Sisi wote tunakuja huku."

Profesa akauliza kama mkwe anafundisha watu kuchimba.

"Anafundisha sana! Hata sasa iko ndani ya muhogo pale. Pengine anapima shimo."

Akamzungusha profesa uwanja mzima. Akamwonyesha mpaka mbuzi. Akasema huyu sasa ni wake.

Jumatatu, 10 Novemba

Hukumu imefika. Nimesoma ujumbe kwa jicho moja. Sifukuzwi bado! Profesa anasema aliyemfundisha zaidi ni mama mkwe. Jumanne ya tarehe 25 atapiga tena. Aone choo kinachotumiwa na watu wa nyumba yangu, kwenye uwanja wangu, au jina langu linafutwa. Mbuzi amekwenda. Kituoni Dorothée alinikaribisha kwa kukohoa. Wagonjwa wote wakakohoa.

Jumatano, 19 Novemba

Choo kimekamilika. Mugisho, aliyeacha migodi ya Salamabila kwa hofu ya kipindupindu, ndiye aliyechimba pamoja na wenzake. Alisema maisha yake yote amechimba mashimo bila kujua atapata nini. Hili ndilo la kwanza analojua. Walicheka sana. Mimi nilisimamia.

Kuta, kifuniko, ndoo ya kunawa. Mlango nimeupaka bluu iliyokoza kuliko ya Dorothée. Régina alikumbusha kwamba viwili vilihitajika, mama yake asije akakutana nami tena. Nilimjibu kwamba kamera inaonyesha kimoja kwa wakati.

Kipindupindu kimevuka, kimefika kijiji cha pili kutoka hapa.

Jumapili, 23 Novemba

Bado siku mbili. Hofu yangu sasa ni moja: uchafu. Nimefikiri kama mwanasayansi. Choo kinachotumiwa huchafuka. Kikichafuka, profesa ataona. Kwa hiyo tangu kilipokamilika nimekitia kufuli. Ufunguo uko shingoni mwangu. Kinang'aa! Hakuna nzi hata mmoja! Régina alipaza sauti mpaka Élysée akaamka, akisema profesa aliomba choo kinachotumiwa. Nilimwambia asome tasnifu kwanza. Waendelee kwa Dorothée mpaka Jumanne, wamekwishazoea.

Kituo kimefungwa leo pamoja na choo chake, wanapulizia dawa.

Saa nne tumbo likanishika. Jasho la baridi. Nikasema ndicho hicho, kipindupindu, nakufa bila shahada! (Ilikuwa maharage.) Nilikimbia hadi kwenye mlango wangu, ufunguo mkononi. Nikatazama kifuniko cheupe kupitia upenyo. Sikuweza. Ni uzamili ule!

Nikageuka, nikapita kwenye pengo la ua mbio. Lakini mimi si mtu wa kurudia kosa. Safari hii nilisimama mbele ya bati la bluu, nikakohoa kwa adabu.

Ndani kikajibu kikohozi. Nakijua kikohozi kile, na si cha Dorothée.

Naandika haya nikiwa ndani ya muhogo. Mbuzi sina tena.