Kichwa Changu Kirudishwe Nyumbani

Kwako Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi anakosoma mjukuu wangu,

Mwanangu, nakuita hivyo kwa kuwa hata ukivaa tai mbili, mimi nakuzidi miaka thelathini. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Huku mimi sijambo, isipokuwa kichwa changu, ambacho kiko ofisini kwako juu ya kabati la mafaili, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Nianze na pongezi, nisije nikaitwa adui wa elimu. Ile Siku ya Vipaji mliifanya vizuri. Nimesimuliwa kwamba watoto waliimba, wakachora, wakapiga hesabu ubaoni mbele ya wazazi, mpaka jirani yangu fundi cherehani akasahau mkasi wake kwenye benchi. Mjukuu wangu, yule mnayemwita Chiriku kwa sababu ya mdomo, alishika nafasi ya kwanza kwa ufinyanzi. Alifinyanga kichwa cha bibi yake kwa udongo, ukubwa wake kamili, na kilemba juu. Mimi sikuja, goti lilikuwa limevimba, lakini nilipoambiwa nilifurahi siku nzima. Furaha hiyo imekwisha. Haya sasa ni malalamiko, na nimeyapa namba usije ukajidai umeruka moja kwa bahati mbaya.

1. Kichwa kinafanana mno. Mtoto wa darasa la tano hapaswi kumjua mtu mzima kiasi hicho. Ameweka kovu la nyusi, ameweka pengo la jino, ameweka hata ule mkunjo wa mdomo unaonijia nikiona mtu anamwaga maji ovyo. Mngempa nafasi ya tatu, angejifunza kukosea kosea kama watoto wenzake.

2. Watoto wanakiamkia. Kila asubuhi wakipita dirishani kwako wanasema shikamoo bibi, darasa baada ya darasa, watoto mia nne na kumi na wawili. Wana adabu, siwalaumu. Lakini udongo hauitikii. Nimeishi miaka sabini na mmoja na sijawahi kuiacha shikamoo ya mtoto ianguke chini. Sasa shule nzima inajua kuwa bibi yake Chiriku anaringa. Imenibidi kila siku saa moja na nusu nisimame mlangoni kwangu, nielekee upande wa shule, niitikie marahaba mara mia nne na kumi na mbili. Chai imenimwagikia kwenye mkaa wiki mbili mfululizo. Jumatatu nilipotewa na hesabu katikati nikaanza upya. Siku za mvua wengine hawaji shuleni, na mimi nitajuaje? Naitikia watoto waliolala makwao.

3. Mmenifanya kifaa cha kufundishia. Darasa la sita wamenipima pua kwa kile kinusu duara cha plastiki chenye namba. Imetoka nyuzi thelathini na nane. Sikuuliza, nilitangaziwa dukani na binti wa muuza mkaa. Huyo huyo ndiye aliyepewa zawadi ya hisabati kwa kutazama kivuli cha kidevu changu ukutani akajua zimebaki dakika ngapi kengele ilie. Nikienda kwa baba yake kununua mkaa, mzee naye anakitazama kidevu changu, anasema muda umefika, kisha anafunga duka. Darasa la nne nao wameandika insha, na iliyoshinda imesema macho yangu humfuata mwandishi mpaka chooni. Mwalimu, macho yangu hayana shughuli na choo cha mtu.

4. La nne nimelifuta. Lilikuwa la mwalimu wa sanaa, lakini mama yake ni shoga yangu na ameniomba.

5. Mmenipa cheo bila kuniuliza. Siku ya kikao cha wazazi ofisi yako ilikuwa inapakwa rangi, mkakitoa kichwa mkakiweka kwenye kiti cha mbele. Nimeambiwa kilipoulizwa kama kina pingamizi kilinyamaza, katibu akaandika, "Bibi ameafiki." Kufika saa sita kilikuwa mwenyekiti wa kamati ya nidhamu kwa kura zote, na sababu iliyotolewa ni kwamba kinasikiliza bila kumkata mtu kauli. Mimi uenyekiti wa kikundi cha akina mama nimeugombea mara tatu. Sijapata hata kura ya dada yangu, na ndiye aliyekuwa anazihesabu.

Alhamisi nikajikokota kuja kuyasema haya kwa mdomo. Mlinzi wako akatazama daftari lake, akanitazama mimi, akarudi kwenye daftari. Akasema, "Samahani mama, bibi yake Chiriku yumo ndani tangu asubuhi." Nikamwambia huyo aliyemo ndani hana miguu. Akanijibu kwa heshima zote kwamba daftari halina sehemu ya kuandika miguu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilikuwepo, nimesimama getini na goti langu, na langu bado halikuwepo.

6. Hili ndilo linaloniuma, na mengine yote ungeweza kuyasoma ukiwa umesimama. Hili kaa chini.

Zamani Chiriku akirudi shuleni alikuwa anavuta kigoda jikoni, tunachambua maharage, huku ananimwagia shule nzima: nani kalia, nani kala chaki, mwalimu gani kaanguka na kiti. Nilikuwa nikimkaripia anyamaze, naye alikuwa ananyamaza kwa muda wa kumeza mate. Sasa anaingia, anatua begi, anakunywa maji. Namuuliza habari za shule. Ananijibu, "Bibi, si ulikuwepo?"

Kumbe yote keshayasema huko huko kabla ya kengele, kwa yule mwingine. Nachambua maharage peke yangu kwenye nyumba iliyonyamaza kama duka lililofungwa, na mawe yananipita nayaona. Mwalimu, nimezaa saba, nimezika mume, nimeibiwa kuku na watu niliowalisha. Sijawahi kunyang'anywa mtu na udongo.

Kwa hiyo naomba, na mimi nikisema naomba ujue nimekwisha kuamua, kichwa changu kirudishwe kabla ya Ijumaa. Kifunikwe kwa khanga safi, kibebwe na mtu mzima asiyependa kukimbia. Nasikia afisa elimu anataka kukichukua akakiweke makao makuu, kwa kuwa tangu kikae hapo hakuna mtoto anayechelewa na alama zimepanda. Kama alama hupanda kwa kutazamwa na bibi, mabibi wamejaa mitaani, afisa na amfinyange wa kwake. Na ikiwa kichwa hakitoki, basi niajirini mimi niliyebaki, shingo kwenda chini. Nitakaa chini ya hilo kabati, kazi ifanyike na mtu mzima mmoja aliyekamilika.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na fundi aliyepaka rangi, nasikia hakunidondoshea hata tone. Mlinzi naye msalimie, sina kinyongo naye, ila asinisogelee. Na huyo aliye juu ya kabati mwambie akae wima, ukoo wetu hatuinamishi shingo.

Ni mimi,
Bibi yake Chiriku, yule mwenye miguu.

Nyongeza: Barua hii Chiriku ndiye wa kuileta, na kabla ya kuitia kwenye begi ameisoma yote, maana hana haya. Nilidhani atalia. Amevuta kigoda akaanza kusema, na hajanyamaza mpaka sufuria imeungua. Ameniambia hapo shuleni kuna mtoto wa darasa la kwanza, kahamia juzi, mdogo kama punje, hana bibi kwa mama wala kwa baba. Kila mapumziko ukitoka ofisini anapanda kwenye kiti chako, anamega mkate wake, anaweka kipande mbele ya kile kichwa, anasema, "Bibi, kula." Kisha anangoja. Kengele ikilia anashuka anarudi darasani, na kesho analeta kingine.

Hayo niliyoandika huko juu yafute yote. Kichwa kikae hapo hapo, na afisa elimu asikiguse. Lakini mtoto huyo umlete kwangu Jumamosi mchana, aje na njaa. Mwambie bibi amekula, ameshiba, na sasa ni zamu yake.