Kinyonga Wenu Amekaa Juu ya Mume Wangu

Kakuyuni, Malindi.

Kwa Bwana Msimamizi,
Mradi wa Kinyonga wa Msituni, Kilifi.

Bwana Msimamizi,

KUH: KUOMBA KINYONGA WENU AHAMISHWE

Salamu nyingi. Mimi ni mjane wa Ngumbao, msuka makuti, aliyefariki mwaka jana. Tulimsimikia koma uani, kile kigingi cha kumkumbukia marehemu. Kila Jumapili humwagia pombe ya mnazi kidogo na kumpa habari za nyumbani.

Mwezi uliopita mlitutangazia kwamba kinyonga aliyekaa juu ya koma ni wa aina adimu, mkazungusha utepe ili mtu asimkaribie kwa hatua kumi. Sipingi. Ila:

1. Koma imo ndani ya hizo hatua kumi. Mnazi naurusha kwa mbali, unaishia kwa kuku. Kuku hao hawatagi tena, wanashinda wakiyumba.

2. Afisa wenu, Bwana Nahashon, aliniuliza kwa adabu, "Mama, hiki kijiti hakiwezi kusogezwa, mnyama apate nafasi?" Nikamjibu, "Mwanangu, hicho si cha kufungia mbuzi. Hicho ni mume wangu." Akaandika daftarini kwamba kinyonga anaishi na mzee.

3. Kinyonga akihama, utepe wenu humfuata. Alipopanda mpapai, nikapoteza choo. Alipofika jikoni, nikapoteza jiko. Nashukuru anatembea polepole, nilipata siku mbili za kutoa sufuria. Tangu Jumatatu yuko juu ya mlango wa chumbani, nami nalala kwa wifi yangu Kabibi, ambaye anakoroma.

4. Kila wiki mnakuja kuuliza kama amekula vizuri. Ngumbao aliugua miezi minne, na aliyemuuliza hivyo ni mimi tu.

Basi naomba mmrudishe msituni. Mkishindwa, niandikisheni mimi pia kuwa adimu, maana wa aina yangu nimebaki mmoja humu uani. Niwekewe utepe ambao Kabibi hatauvuka.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule dada wa darubini aliyenipa pole kabla ya kuuliza alipo kinyonga.

Wako mwenye heshima, asiye na jiko,
Kahaso Ngumbao

N.B. Leo asubuhi kinyonga hayupo na utepe umeondolewa. Nimerudi kwangu. Nimeimwagia koma mnazi kwa karibu, lakini nimekosa habari ya kumpa Ngumbao. Mwezi mzima nilikuwa nikimsimulia alikofika huyo mnyama. Naye marehemu alitembea vivyo hivyo: hatua moja, kisha anasimama kama aliyesahau alikokuwa akienda. Tafadhali, ikiwa mmemchukua ninyi, mrudisheni. Jiko nitaazima.