Wanafunzi Wako Wanamuuliza Mke Wangu Jina

Laurent Niyitegeka,
Rungwe Mpya, Kasulu.

Kwa Daktari Firdausi,
Mwalimu wa Wanafunzi wa Udaktari, Wodi ya Saratani.

Mheshimiwa Daktari na dada yangu,

YAH: UTOVU WA ADABU WA WANAFUNZI WAKO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na chai yako ikiwa bado ya moto. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu anayelala kwenye benchi la hospitali yenu. Unanijua: ndiye yule mwanaume wa kofia ya kahawia, mume wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani anayetundikiwa dripu za saratani ya titi. Kama sura yangu huikumbuki, sauti yangu umeisikia.

Nijitambulishe kielimu, maana ninyi wasomi mnapenda vyeti. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, mashahidi wanatofautiana. Lakini nimevuka mpaka wa Manyovu na maharage mara nyingi kuliko mvua, nimekula Bujumbura, nimelala Uvira, nimegombana kwa Kifaransa na mtu aliyekijua. Nikisema wanafunzi wako hawana adabu, ujue anayesema ameiona dunia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila wakija na dawa wanamuuliza mke wangu jina lake. Asubuhi wamemuuliza, mchana wamemuuliza. Ni wale wale, na yeye ni yule yule, hajatoka kitandani kwenda kubadilisha jina. Kwetu Buha mwanamke aliyezaa haitwi jina lake. Huyu ni Mama Jordan, na hilo jina Jordan nililileta mimi mwenyewe kutoka ng'ambo. Halikuwepo huku, na mpaka leo hakuna Jordan mwingine. Nikamwambia kwa upole yule mwanafunzi wako Elieth, yule binti mwembamba mwenye saa kubwa: "Huyu ni Mama Jordan, andika twende." Akanijibu, "Asante baba, ila nataka mama aniambie mwenyewe jina lake na la baba yake." Mke wangu akalitaja, Generosa, mbele za watu, kwa sauti ya msichana anayeandikishwa shule. Mimi mwenyewe sijalitamka tangu mtoto azaliwe. Niliona aibu nikatoka nje kutazama bendera.

2. Hawaulizi "Wewe ndiye fulani?" kama watu waliolelewa. Nilimsikia Elieth akimfundisha mwenzake kwamba Muha ukimuuliza hivyo atakujibu "Ego, daktari," yaani ndiyo, hata umwite Nabii Musa, kwa sababu anamheshimu daktari. Ni kweli. Ndiyo adabu yetu! Sasa adabu nayo imekuwa ugonjwa, inafundishwa wodini?

3. Mfuko mmoja wa dripu unasomwa na watu wawili, kwa sauti, mmoja akisoma mwingine akifuata kwa kidole. Kama hawajui kusoma warudishwe shule ya msingi. Hata padri hubariki peke yake.

4. Wanampima uzito kila tukija. Mimi gunia la maharage nikilitazama tu najua kilo zake, wanunuzi wa Kibondo watakushuhudia. Nikajitolea kuwapa uzito wa mke wangu, ule wa siku ya harusi ya mdogo wake, alipokuwa amejaa vizuri, uzito wenye heshima. Wakanishukuru, kisha wakampandisha kwenye mzani. Mzani ukasema yake, wakaandika ile namba ndogo. Eti dawa hizi hupimwa kwa mwili alio nao leo, zikizidi zinaua. Daktari, mwili alio nao leo nauona. Sikuhitaji kusomewa.

5. Wamemfundisha kulalamika. Mwanamke huyu amejifungua mara nne bila jirani kusikia. Elieth akamwambia, "Mama, mkono ukiwaka pale sindano ilipoingia, piga kelele, hata kama daktari mkubwa amekwambia uvumilie." Matokeo yake, juzi ameniambia mimi, Laurent, kwamba uji wangu unanuka moshi na hadithi zangu za Uvira ameshazisikia.

6. Nilileta chupa ya dawa ya mizizi kutoka kwa mganga bingwa mmoja wa kule Manyovu, nikaificha vizuri. Elieth akakaa chini, akaniuliza habari za safari, za mpaka, za bei ya maharage, mpaka nikajikuta namwonyesha chupa mwenyewe. Hakunigombeza. Alisema tu inaweza kupigana na dripu ndani ya mwili wa mama. Huo ni ujanja wa watu wa forodha, na forodha wenyewe hawajawahi kunipata.

7. Baya kuliko yote, wanawasimamisha wakubwa wao. Elieth alimwambia daktari mwenye mvi, "Samahani, naomba tusimame kwanza," na yule mzee badala ya kumtia adabu akasema asante! Leo kasimamishwa daktari. Kesho atasimamishwa Mkuu wa Wilaya, keshokutwa mke atamsimamisha mume, kisha ng'ombe atamuuliza mchungaji jina lake na la baba yake, na nchi itakuwa imekwisha.

Kwa hiyo naomba Elieth ahamishwe, apelekwe mbali. Waliobaki wafundishwe kujiamini, maana daktari kamili ni yule asiyeuliza. Na mimi nipewe kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, niwe namjibia mke wangu kila kitu, kwa kuwa yeye amechoka na mimi ndiye ninayemjua. Huyu mtu nikimkosa, Daktari, hakuna mwingine wa kuniambia hadithi zangu ameshazisikia.

Nisalimie wauguzi wote, mama wa jikoni, mlinzi wa getini anayejifanya hanijui, na wazee wako kule Tanga.

Ni mimi, mlalamikaji wako mwaminifu,
Laurent Niyitegeka (Baba Jordan)

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaikunja niilete ofisini kwako, akaingia daktari mgeni, ana haraka, mfuko mkononi. "Mama Jordan?" Mke wangu alikuwa amesinzia. Nikaona nafasi yangu ndiyo hii. Nikasimama, nikavua kofia: "Ego, daktari, ndiye huyu."

Daktari alikuwa ameshaushika mkono wa mke wangu, ndipo Elieth akafika. "Samahani, naomba tusimame kwanza." Akamwamsha taratibu. "Mama, niambie jina lako." "Generosa." Kwenye mfuko palikuwa pameandikwa Apoline. Apoline ni yule mama wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kitanda cha mlangoni, mwili wake ni mara mbili ya huu wa mke wangu, na mtoto wake wa kwanza, nimekwenda kuuliza, anaitwa Jordan.

Daktari alisema asante. Mimi nami nikamwambia Elieth asante. Waulize waliokuwepo, bado wanashangaa.

Basi malalamiko yote saba yasome kama sifa. Elieth asihamishwe, akihamishwa nitaandika tena, na safari hiyo nitakuwa na hasira kweli. Kitambulisho sikitaki. Na leo nimemwita Generosa, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu. Akaitika. Kisha akaniuliza la kwangu, na la baba yangu.