Mashine Kumi na Moja za Marehemu Marvin

Shamba la Vondra,
Kaskazini ya mto Platte,
Nebraska.
Januari, theluji ikianguka

Kwa Mhariri wa kitabu cha darasa la nne,
"Jimbo Letu Nebraska: Ardhi, Historia na Uchumi",
Lincoln.

Ndugu Mhariri,

Natumaini uko mzima, na kwamba huko Lincoln wameshawaondolea theluji barabarani. Mimi ni Lorene Vondra, mjane, na shule nilimaliza hapahapa wilayani. Sijawahi kulalamika kwa maandishi. Aliyekuwa akilalamika ni mume wangu Marvin. Mimi nilikuwa namtafutia kalamu, na nikiipata alikuwa ameshaghairi. Sasa kalamu ninazo nyingi.

Mjukuu wetu Tess amekosa swali la mtihani kwa sababu ya kitabu chenu. Ukurasa wa arobaini na sita kuna picha iliyopigwa kutoka angani, na chini yake mmeandika: "Mkulima tajiri wa Nebraska akivuna mahindi yake kwa mashine zake kumi na moja." Mwalimu aliuliza mashine hizo ni za nani. Tess akaandika: "Za majirani. Babu alikuwa ameshafariki." Akapewa sifuri. Amekuja kuniuliza kama siku ile ya mavuno aliiota tu. Kwa hiyo naomba kitabu kisahihishwe, na sababu zangu ni hizi:

1. Shamba hilo ni letu. Marvin alifariki Septemba ya mwaka juzi, mahindi yakiwa bado yamesimama. Jumamosi moja ya Oktoba nilikuwa jikoni na gauni la kulalia, nikasikia ngurumo barabarani. Nikachungulia, nikaona kombaini, zile mashine za kuvunia, zinakuja moja nyuma ya nyingine, taa zikiwaka. Hakuna aliyebisha hodi. Kwetu mtu haulizwi kama anataka kuvuniwa, maana atasema hapana. Mpaka jioni mahindi yote yalikuwa ghalani. Rubani anayenyunyizia dawa mashamba alipita juu akapiga picha, akidhani anatuwekea kumbukumbu. Aliipeleka gazetini pamoja na maelezo yake. Ninyi mkachukua picha, maelezo mkayaacha.

2. Hata kama hukuyajua hayo, rangi ungeziona. Mashine nyingine ni za kijani na nyingine ni nyekundu, yaani za viwanda viwili vinavyoshindana. Ndugu Mhariri, wewe ni mtu wa wapi? Katika jimbo hili mtu huzaliwa katika nyumba ya kijani au nyumba nyekundu, huvaa kofia ya rangi hiyo maisha yake yote, na huzikwa nayo ikiwa mkewe ni mpole. Marvin amezikwa na yake nyekundu. Mkulima mmoja akimiliki rangi zote mbili, watu watamwombea kanisani.

Ile ya kijani iliyo mbele ni ya Duane Kratochvil. Duane na Marvin walikaa miaka tisa hawasemezani, tangu Duane alipokata safu ya miti ya kukinga upepo ambayo baba zao waliipanda pamoja enzi za ukame, upepo ulipokuwa ukipeperusha udongo wa mashamba. Wakipishana barabarani kila mmoja aliinua kidole kimoja juu ya usukani kama salamu, kwa sababu kununiana ni jambo moja, na kutomwinulia jirani kidole ni ushenzi. Lakini neno, hapana. Siku ile Duane ndiye aliyefika wa kwanza. Nilipompelekea kahawa alisema bila kunitazama, "Shemeji, ukienda kule juu makaburini usimwambie kijani imepita kwake. Atatoka."

Nikamwambia, "Ameshasikia, Duane. Mashine yako inalia kama bata."

Akacheka, kisha akafuta miwani yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

3. Tangu kitabu kitoke, mkahawani naitwa Tajiri. Nikiingia wanaambiana, "Mpisheni Tajiri kiti, asije akaununua mkahawa." Kijana mmoja amesafiri kutoka Omaha kuja kuniuzia kombaini. Nilimwambia sina haja nayo. Akasema, "Mama, mwenye kumi na moja hakosi pa kuiweka ya kumi na mbili." Alikula skonzi mbili akaondoka. Alikuwa na adabu, lakini hii ni hasara mliyonisababishia.

4. Picha ikikosewa, jiografia nayo imekosewa. Mmeandika kwamba sehemu yetu ya jimbo ni tambarare. Ni tambarare kwa aliyemo ndani ya ndege. Juu kabisa ya picha kuna kilima, na kilimani kuna makaburi ya kanisa letu. Marvin yuko pale, upande wa uzio, nanyi mmebandika namba ya ukurasa, 46, juu yake. Mimi hupanda kilima hicho kila Jumapili kwa magoti haya niliyo nayo, kwa hiyo usinifundishe tambarare. Naomba namba ihamishwe. Kama haiwezekani, hamisheni kilima.

5. Historia. Wapawnee, wenyeji waliolima hapa kabla ya wazungu, mmewapa aya moja, na reli kurasa sita. Katika shamba hilohilo la kwenye picha Marvin aliokota jiwe la kusagia mahindi, akaliweka dirishani jikoni, na bado lipo. Alikuwa akilipapasa akingoja kahawa ichemke. Alisema, "Huyu mama alilima hapa kabla yetu, na hakuna aliyemuuliza kitu." Naomba jiwe liingizwe kitabuni. Picha yake sina, lakini naweza kulieleza kwa mdomo mkinipigia simu baada ya chakula cha mchana.

6. Uchumi. Mmeandika kwamba mashine zimeondoa haja ya watu mashambani. Ndani ya kila mashine ile mlikuwa na mtu, na wote walikula kwangu. Kina mama wa kanisa walileta supu nzito ya maharage na nyama, pamoja na skonzi za mdalasini, kwa kuwa moja hailiwi bila nyingine. Hilo nalo hamkuliandika, na mnasema mnawafundisha watoto kuhusu Nebraska.

Sasa nifuate polepole. Ikiwa mashine si za mtu mmoja, basi sura yote ya "Mkulima na Soko Lake" haisimami. Ikiwa haisimami, jibu la mtihani si sahihi. Ikiwa jibu si sahihi, basi waliolipata ndio waliokosa, na mtoto pekee aliyefaulu darasa la nne katika jimbo zima ni Tess. Wengine wote warudie. Nasikia binti wa seneta wetu wa jimbo alipata alama zote. Namhurumia, lakini naye arudie.

7. Naomba basi vitabu vyote vikusanywe kabla ya msimu wa kupanda, vikatandikwe zizini kwa Duane, ambako ng'ombe wanalalamikia baridi. Kama hilo nalo ni gumu, basi Nebraska yenyewe iandike upya maombi ya kujiunga na nchi hii, na safari hii ijieleze vizuri.

Naomba radhi kama nimetumia neno kali. Nisalimie wapiga chapa wako, na aliyechora ramani, maana mto ameupatia. Nisalimie pia yule aliyeweka namba juu ya kilima. Najua hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatafuta mahali peupe.

Mimi mwenye kungoja jibu lako,
Lorene Vondra (Bi.)

Nyongeza: Barua hii imechelewa kwa sababu gari langu limegoma kwa baridi. Duane amekuja kuichukua aipeleke posta, na kwa kuwa bahasha ilikuwa wazi ameisoma yote, amesimama hapohapo kwenye zulia akiwa na viatu vyenye theluji. Alipomaliza akauliza, "Shemeji, huyu mkulima tajiri wanayemsema ni nani?"

Nikamwambia, "Marvin, nani mwingine?"

Akatazama jiwe pale dirishani. Akasema, "Basi kosa liko wapi? Siku ile zote kumi na moja zilikuwa zake."

Nimekaa nikatafuta, Ndugu Mhariri, na sikuliona. Kwa hiyo maneno ya chini ya picha yaacheni kama yalivyo, na msimkaririshe mtoto yeyote darasa. Tess nitamweleza mwenyewe. Mnitumie nakala kumi na moja, maana kila aliyeendesha anataka yake, na Duane anataka ile ambayo kijani inaonekana vizuri.

Ila ile namba iondoeni kilimani.