Uamuzi Wako wa Kuliita Gari Langu Nyumba

Matulo, kupitia Webuye,
Julai 2006.

Kwa Shemeji Wakoli,
Msemaji wa Familia ya Mke Wangu,
Moi's Bridge.

Shemeji mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUFUTWA KWA UAMUZI KWAMBA GARI LANGU NI NYUMBA

Pokea salamu kutoka kwangu na kwa dada yako Jentrix. Huku mahindi yametoa mbelewele, ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na wote hatujambo isipokuwa mimi.

Nakuandikia kwa sababu ulikataa kunisikiliza. Nilipokuja kulalamika kwa mdomo uliniambia kwamba miaka yote uliyokuwa karani wa mahakama hukuona lalamiko la mdomo likifika popote, na kwamba mtu mwenye jambo aliweke kwenye karatasi. Haya, karatasi ndiyo hii. Naomba uisome ukiwa umeshakula.

Unajua jinsi gari hili lilivyonipata. Mzungu mmoja wa Ujerumani na mkewe walikuja nalo kutoka Uganda wakapitia Suam wakati wa mvua, na ile barabara ikawatikisa mpaka mgongo wa bwana ukagoma. Walipofika Kitale mama yule akaapa kwamba atarudi kwao kwa ndege au asirudi kabisa. Mimi nilikuwa Kitale siku hiyo kununua mbegu, na mafao yangu ya afisa wa kilimo yalikuwa bado hayajapata kazi. Nikarudi nyumbani bila mbegu.

Wala sijutii. Lina injini ya dizeli ya kuvuta mlima wowote, viti vya ngozi, kabati za mbao zinazong'aa, jiko la gesi, friji, bafu, na kitanda ambacho ukikilalia unajiuliza ulikuwa unalalia nini maisha yako yote. Lina turubai la kukunjua pembeni ili mtu anywe chai kivulini. Juu ya yote, lina choo. Usukani uko kushoto kama ilivyo kwao, kwa hiyo anayekaa kulia huonekana na walio nje kana kwamba ndiye dereva. Hiyo ndiyo kasoro pekee, na polisi wameshaizoea.

Nilipokiona kile choo, Shemeji, sikujifikiria mimi. Nilimfikiria mama yenu, Mama Nakhumicha. Unajua dawa yake ya presha inavyomsumbua: kila baada ya muda mfupi ni lazima atoke nje, na magari ya abiria hayamsubiri mtu mzima kando ya lami. Aibu hiyo ndiyo iliyomfungia nyumbani kwako miaka yote hii, na ndiyo iliyomfanya asimwone dada yake Sellah aliyeolewa kule Suam. Sasa mjukuu wa Mama Sellah anatahiriwa mwezi wa nane, na Mama anataka kuwa pale wakati mtoto anaposimama mbele ya kisu. Nikasema, hapa ndipo mkwe anapoonyesha faida yake.

Nikaliosha gari, nikalileta mpaka langoni pako. Wewe ukapanda. Ukafungua kabati moja moja, ukakibonyeza kitanda mara mbili kwa kiganja, ukashuka, na mbele ya majirani ukatangaza: "Hii si gari. Gari gani iko na kitanda na jiko, bana? Hii ni nyumba ya mtu na bibi yake. Mama hawezi kuingia." Mama alikuwa ameshavaa kitambaa chake cha kanisani. Akakivua, akarudi ndani.

Kutokana na uamuzi huo, nimepatwa na haya yafuatayo:

1. Mila naiheshimu, wala sihitaji kufundishwa. Najua mama mkwe haoni kitanda cha mkwe wake, na kwamba hawalali chini ya paa moja. Tangu nimuoe Jentrix, nikimwona Mama anakuja njiani mimi huingia shambani kumpisha, na mara moja shamba lenyewe lilikuwa la miwa ya mtu na nikaitwa mwizi. Sikujitetea. Lakini nakukumbusha kwamba mwaka juzi Mama alipozidiwa alipelekwa hospitali kwa ambulansi. Ambulansi ina kitanda, tena kilikuwa kimelaliwa na watu usiowajua hata majina, na wewe mwenyewe ulimshika mkono akapanda. Hukuiita nyumba. Hukuuliza ni ya nani na bibi yake.

2. Siku ile uliponitolea uamuzi, betri ilikataa, gari likalala langoni pako usiku mmoja. Habari ikafika Matulo kabla yangu: kwamba Walubengo amejenga nyumba kwa wakwe zake. Unajua sisi tunavyomwona mwanamume anayejenga kwa wakwe. Wazee wa kwetu walinijia wakiwa na nyuso za matanga, wakaniuliza kama nimeoa au nimeolewa. Iliwabidi wale jogoo wangu wawili ndipo wapoe.

3. Nikalipeleka Kitale kwa fundi Gikonyo. Lilikuwa limemeza dizeli chafu ya mtungi, nozeli zikaziba, na mpira mmoja wa maji ulikuwa umepasuka. Mpira wa kufaa unapatikana Ujerumani tu. Gikonyo akaweka wa trekta akasema, "Mzee, hii injini ni ya lori kabisa. Hii itatuzika sisi wote." Basi gari likakaa Kitale majuma mawili likisubiri nozeli, na mchungaji wetu akanisimamisha baada ya ibada akaniuliza kwa upole kama aniandikie barua ya kuhamia ushirika wa Kitale, maana amesikia nyumba yangu iko huko sasa. Mimi ni mzee wa kanisa hili tangu lilipokuwa la nyasi.

4. Kwa kuwa ni nyumba, wazee wameuliza mlango wake unatazama wapi. Nyumba ya mwenye boma hutazama lango, kila mtu anajua. Yangu hutazama popote nilipoiegesha. Sasa kila jioni nawasha injini, nasubiri ile taa ya kupasha injini moto izimike, nazunguka uani mara moja ili mlango utazame lango, kisha nazima. Dizeli hiyo ingemfikisha Mama Suam na kumrudisha.

5. Nikasema basi, kama haliwezi kumbeba Mama, niliuze. Akatokea Bwana Kigen, mkulima wa mahindi wa huko Kitale, anayetaka gari la kulala karibu na mazao yake wakati wa mavuno, maana mahindi yake yana tabia ya kuondoka bila kuaga. Aliisikiliza injini amefumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya. Akapanda, akalala kitandani na viatu vyake, akaamka akiwa mnunuzi. Tulikuwa tumebakiza kushikana mikono.

Ndipo wewe ukatuma ujumbe kwamba jiko alilopikia mke haliuzwi mke angali hai, na kwamba mwanamume anayeuza nyumba ya mkewe anamfukuza. Jentrix, ambaye tangu mwaka jana alikuwa ananiomba niliuze hilo dubwana nirudishe pesa za mbegu, aliposikia hivyo alikaa chini akasema, "Kumbe nafukuzwa." Siku hizi ananipakulia chakula bila kunitazama. Kigen naye hupiga simu kila Jumamosi kuuliza kama mke wangu ameshakubali kuachwa.

6. (Hili nimelifikiria peke yangu.) Tuseme Mungu ananiita nikiwa ndani ya gari hilo, katikati ya Kitale na Webuye. Kwa uamuzi wako, nitakuwa nimefia nyumbani kwangu. Na mtu aliyefia nyumbani kwake huzikwa nyumbani kwake. Je, nizikwe hapo kando ya lami? Au gari liburutwe mpaka Matulo, mimi nikiwa ndani, na njiani watu waseme Walubengo anahama na yeye mwenyewe ni maiti? Na nywele za matanga, nani atanyolewa wapi? Wewe uliyetoa uamuzi ndiye utakayeulizwa.

Usidhani sijatafuta njia ya kati. Nilimwambia Gikonyo ang'oe kitanda. Akanijibu kwamba kitanda kinashikilia tangi la maji, tangi linashikilia ukuta, na ukuta unashikilia paa, kwa hiyo nikitaka kung'oa kitanda nianze na paa. Nikapendekeza Mama apande na mlango ufungwe, Gikonyo aendeshe, nami nifuate nyuma kwa baiskeli ili nisiwe chini ya paa lake. Jentrix alicheka kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe, kisha akakumbuka amefukuzwa akanyamaza.

Kwa hivyo, Shemeji, siwezi kulipanda na Mama, siwezi kuliegesha kwenu, siwezi kulitengeneza bila kuhama kanisa, siwezi kuliuza bila talaka, na siwezi hata kufa ndani yake kwa amani. Wakati huohuo barabarani linalipa leseni, linakaguliwa, linasimamishwa na polisi, na hakuna hata afisa mmoja aliyewahi kubisha hodi kabla ya kuniomba karatasi. Kitu chenye magurudumu sita, usukani na honi ni gari. Ng'ombe akilala ndani ya nyumba hageuki kuwa kitanda.

Naomba yafuatayo: kwanza, utangaze mbele ya majirani walewale kwamba ulichokibonyeza kilikuwa kiti kirefu. Pili, utamke kwamba mtu aliye ndani ya gari yuko safarini, hata likisimama, hata akilala, mpaka ashuke. Tatu, umruhusu Mama apande kabla mwezi wa nane haujafika.

Hilo la tatu ndilo langu hasa. Hayo mengine ni ya kukusaidia kufika hapo. Mama alinipa Jentrix nilipokuwa na shati moja la kwenda nalo kazini na kanisani. Hakuniuliza nina nini. Na mimi kila nikikumbuka akikivua kile kitambaa, roho inaniuma, Shemeji, inaniuma sana. Dada yake anazeeka Suam, naye anazeeka kwako, na gari limeegeshwa huku linatazama lango.

Nisalimie mkeo, watoto, majirani wote waliokushangilia siku ile, na yule mbwa wako aliyelikojolea gurudumu, kwa maana yeye peke yake alijua ni gari.

Ni mimi shemeji yako mwenye nyumba mbili na mahali pamoja tu pa kulala,

Walubengo.

TANBIHI (Agosti): Shemeji, tafadhali ichane barua hii mara tu usomapo mpaka hapa. Nilikuwa nimempa Jentrix aisome kama kuna makosa. Hakuona kosa lolote. Aliibeba mpaka Kitale, ambako gari lilikuwa limerudi kwa ajili ya ule mpira wa trekta, akamtoa Gikonyo gereji kwa kisingizio cha kulijaribu gari, wakaja Moi's Bridge siku ile wewe ulipokuwa mazishini Bungoma, na akamsomea Mama kila neno. Walipofika kwenye ombi la pili Mama akasema, "Rudia hapo." Jentrix akarudia. Mama akavaa kitambaa chake akapanda, akakaa kulia, na wapita njia wa Moi's Bridge sasa wanamwita Mama Dereva.

Mtoto alisimama vizuri Suam, hakupepesa jicho. Mama alikuwa pale. Shida ni kwamba hakushuka. Amerudi nalo mpaka hapa Matulo, yeye na Mama Sellah, wameliegesha katikati ya ua wangu na kukunjua turubai. Wanalala kwenye kitanda changu. Nikimtuma Jentrix kuwauliza watashuka lini, Mama anajibu, "Mkwe wangu mwenyewe ameandika. Hii ni gari, na mimi niko safarini." Kwa heshima yake siwezi kupita uani kwangu, naenda chooni kwa kuzunguka ndani ya mahindi. Bwana Kigen alikuja na pesa mfukoni, akapewa chai, akaambiwa arudi safari itakapokwisha. Wanapanga kwenda kuona watu wao wa Bungoma.

Kwa hiyo nakiri kwamba uliona mbali. Gari gani lina kitanda na jiko? Ni nyumba, Shemeji, tena ni nyumba yangu, na mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake. Wewe ndiwe msemaji wa familia. Njoo umtoe.

Ila Jentrix ananiambia hajawahi kumsikia mama yenu akicheka hivi tangu azaliwe, na amerudia kunitazama ninapokula. Basi ukija, usije moja kwa moja. Pitia Suam kwanza uwasalimie wa huko. Barabara ni mbaya, na hakuna atakayekulaumu ukichelewa.