Mwanamke Aliye Ndani ya Kifaa cha Boti Yangu

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Vifaa vya Kuongozea Boti za Matembezi.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: UTOVU WA ADABU WA KIFAA CHENU

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na umekaa kwenye kiti imara, maana yaliyomo si mepesi. Mimi ni mstaafu. Kwa miaka ishirini na tisa nilikuwa msimamizi wa mitihani, na nikisema hivyo nataka uelewe kwamba nimezoea ukimya. Nikitamka kalamu chini, kalamu zilikuwa chini, hata za watoto wa wakubwa. Kazini hakuna aliyewahi kunipandishia sauti. Nyumbani ndiyo kabisa: mke wangu ni mpole, mtu wa maneno machache, na kwa miaka thelathini na moja ya ndoa hajawahi kuniingilia katika uendeshaji wa chombo chochote.

Nilipostaafu nilinunua boti ndogo, ya mita sita, yenye viti viwili vya mbele na mito ya buluu. Viti viwili, Ndugu Mkurugenzi. Naomba uikumbuke idadi hiyo. Kimoja changu, cha pili cha mke wangu. Sikuwa na ndoto nyingine ya uzeeni zaidi ya hiyo, sisi wawili, chupa ya chai, na maji.

Safari ya kwanza tulikwama kwenye fungu la mchanga. Sipendi kulizungumzia sana. Kulikuwa na boya jekundu upande ambao sikulitarajia, maji yakapwa, tukakaa pale saa tano boti imelala ubavu, mimi, mke wangu na kaka yake, yaani shemeji yangu, ambaye sote tunamwita Mnara kwa sababu ya urefu wake. Chai iliisha saa ya kwanza. Mke wangu alikuwa kimya muda wote. Tulipofika nyumbani aliweka mkoba mezani, akasema boti ile hataikanyaga tena, akatoka kwenda kuanua nguo.

Lakini wiki iliyofuata ni yeye mwenyewe aliyeshauri ninunue kifaa chenu: skrini yenye ramani ya maji, inayojua boti ilipo kwa setilaiti, inayopima kina na kutoa maonyo kwa sauti. Nilifarijika sana. Tulikwenda dukani pamoja. Mimi nikaenda upande wa nyuma kuchagua kamba, yeye akabaki na fundi kwenye chumba kidogo kando ya kaunta kwa karibu saa nzima, nadhani wakijadili rangi ya kava. Fundi alipokuja kukifunga kifaa botini alikuwa akitabasamu peke yake, nikasema moyoni, huyu kijana anaipenda kazi yake.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Kifaa hakisalimii. Nikikiwasha asubuhi, sauti ya mwanamke inaanza moja kwa moja: "Vaa jaketi la kujiokolea. Usilikalie. Livae." Ni kweli kwamba huwa nalikalia, kwa ajili ya mgongo. Lakini kampuni yenu imejuaje? Kitabu chenu cha maelekezo kina kurasa mia moja na kumi na mbili, nimekisoma chote kalamu mkononi, na hakuna mahali kinapotaja kamera. Nimekikagua kifaa mbele na nyuma. Nimebandika plasta juu ya skrubu moja niliyoitilia shaka. Kesho yake niliambiwa vilevile, nilivae nisilikalie.

2. Wenzangu pale gatini wana vifaa vyenu hivi hivi. Vya kwao, kina kikipungua, vinalia pii, pii, pii, mlio wa heshima ambao mtu mzima anaweza kuusikia au kutousikia kwa hiari yake. Changu kinasema: "Kina kinapungua." Nisipogeuza mara moja kinasema: "Nimesema kinapungua." Mara ya tatu hakisemi neno. Kinavuta pumzi tu, ndefu, kwa pua. Naomba mhandisi wenu anieleze kwa maandishi pumzi hiyo ina kazi gani katika upimaji wa kina. Ni pumzi ninayoifahamu. Nashindwa tu kukumbuka niliisikia wapi.

3. Nikitoka kwenye njia, sauti inasema: "Kushoto." Ikipita sekunde kidogo: "Kushoto kwingine. Mkono wenye saa." Saa yangu huwa naivaa kushoto tangu enzi za mitihani, na hilo halikuwa siri, lakini pia sikumbuki kulijaza kwenye fomu yenu yoyote. Ili kukijaribu kifaa, siku moja niliihamishia saa mkono wa kulia. Matokeo ya jaribio ni mkwaruzo mrefu kwenye ubavu wa boti, na boya la watu lililoinama hadi leo. Sauti ikasema: "Haya sasa." Nimetazama kitabuni. Hapo palipaswa kuwa na Onyo Namba Saba, ambalo limeandikwa kwa lugha ya staha kabisa.

4. Hili nimelifuta. Nililiandika nikiwa na hasira. Lilihusu onyo la nanga kuburuzika, na niseme tu kwamba sikuwa nimelala, nilikuwa nimefumba macho nikisikiliza maji. Mtu wa rika langu haamshwi kwa kuitwa "wewe".

5. Shemeji yangu ameharibika. Safari ya kwanza na kifaa, sauti ilipotuamuru tupunguze mwendo, Mnara aliruka kitini na kujibu, "Sawa, dada." Mtu wa miaka hamsini na miwili, mwenye wajukuu, analiita sanduku dada! Nilipomuuliza alikohoa mpaka nikampa maji, akasema yeye huwaheshimu wanawake wote. Tangu siku hiyo amri zangu zimekuwa mapambo. Nikisema tuzunguke kisiwa kwa upande wa nje, Mnara anaitazama skrini kwanza. Skrini ikinyamaza, naye ananyamaza. Ikisema, anainuka kushika kamba. Naomba kujua nahodha wa boti ile ni nani. Nauliza kwa nia njema, kwa sababu fomu ya bima ina nafasi ya kujaza.

6. Hili ndilo zito kuliko yote. Kila nikiingia gatini na kuzima injini, mwanamke yule anasema: "Haya, umefika salama. Pitia dukani, chukua mkate." Kifaa cha majini kinahusikaje na mkate? Mwanzoni nilipuuza. Safari nne mfululizo nilifika nyumbani mikono mitupu, na safari zote nne mkate kweli ulikuwa umekwisha. Nimelipima jambo hili kwa utulivu na hitimisho ni moja tu: kifaa chenu kimeunganishwa na kabati langu la jikoni. Setilaiti mliyonieleza kwamba inatazama boti inatazama pia makombo. Na kama anayajua ya mkate, anajua nini kingine? Anajua kwamba vidonge vyangu vya presha, ambavyo ni vikubwa kama vifungo vya koti, huwa navitumbukiza ndani ya buti la mvua kule stoo? Siku hizi, kabla ya kukiwasha kifaa, najikuta nachana nywele.

Msidhani nimekurupuka kuandika. Nilianza kwa kwenda dukani. Fundi alinisikiliza mpaka lalamiko la pili, akainama chini ya kaunta kutafuta bisibisi, akakaa huko muda mrefu mabega yakitikisika. Alipoinuka macho yalikuwa yamejaa machozi. Alisema ni vumbi. Alisema pia kwamba maonyo ya kifaa hiki yanaweza kurekodiwa upya kwa kila mteja, kulingana na mahitaji ya familia, na kwamba kwa upande wangu yeye hana mamlaka ya kugusa kitu. Kwa hiyo mamlaka ni yako, Ndugu Mkurugenzi.

Mimi ni mtu wa haki, na lazima niseme upande wa pili. Tangu kifaa kifungwe nimetoka mara kumi na moja na nimerudi mara kumi na moja, na mchanga sijaugusa. Lakini hiyo si hoja. Mtahiniwa anayepata alama zote kwa kunong'onezewa majibu, mimi nilikuwa namtoa ukumbini.

Niseme sasa lililo moyoni. Kile kiti cha pili kiko kitupu. Nimeweka begi juu yake, nimeweka kamba, nimemweka Mnara, na bado ni kitupu. Nimemwomba mke wangu arudi botini mara tatu. Kila mara ananiuliza kama kifaa kinafanya kazi, namjibu kwamba kinafanya kazi vizuri sana, naye anatabasamu na kuendelea kufuma sweta. Nimekwama hapo. Siwezi kumwambia kwamba kule majini kuna mwanamke mwingine anayenikemea, anayenihimiza nivae, anayejua saa yangu iko mkono upi na kuniagiza mkate kana kwamba ana nyumba na mimi. Mke gani atalivumilia hilo? Nimebaki kumficha, mimi ambaye katika miaka thelathini na moja sijawahi kumficha kitu, ukiondoa vidonge. Namkumbuka hata akiwa jikoni na mimi niko sebuleni. Utaona mwenyewe jambo limefika wapi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Mwanamke huyo atafutwe popote alipo, aitwe ofisini kwenu, aulizwe amelelewa na nani.

(b) Aniandikie barua ya kuomba radhi, na aitaje ile pumzi waziwazi.

(c) Sauti yake iondolewe kwenye kifaa changu, na mahali pake iwekwe sauti ya mtu mwenye malezi. Najua mtauliza mtu huyo apatikane wapi, kwa hiyo nimeshamtafuta: nampendekeza mke wangu. Sauti yake ni laini. Hamwingilii mtu. Akisema jambo husema mara moja, basi. Sauti hiyo nitaitambua hata katikati ya dhoruba, na nitaitii bila ubishi. Tena ikisikika pale mbele, kile kiti hakitakuwa kitupu sana.

Nimalizie kwa salamu. Wasalimie wahandisi wote, wasalimie wachora ramani, msalimie mlinzi wa lango lenu, na kama kuna watu wanaokaa kwenye setilaiti, nao wafikishie salamu na uwaombe wageukie kidogo upande mwingine. Mnara naye anawasalimu, ingawa hajui ninachoandika.

Ni mimi ninayesubiri majibu yenu kwa uvumilivu wa chumba cha mtihani,

Msimamizi wa Mitihani (Mstaafu),
Nahodha, kwa mujibu wa fomu ya bima.

Nyongeza:

Nilikwenda chumbani kutafuta bahasha, barua nikaiacha mezani chini ya bakuli la sukari. Niliporudi nilimkuta mke wangu amekaa nayo. Alikuwa ameisoma yote na kusahihisha nukta tatu kwa kalamu nyekundu. Mbele yake kulikuwa na glasi ya maji na buti langu la mvua. Alinitazama, kisha akavuta pumzi, ndefu, kwa pua.

Ndugu Mkurugenzi, ni pumzi ileile.

Kumbe saa nzima niliyokuwa nachagua kamba, yeye alikuwa kwenye kile chumba kidogo anarekodi. Nilijitetea kwa kelele za injini, nikajitetea kwa upepo, nikajitetea kwa udogo wa spika yenu. Alisema Mnara alimtambua kwa neno la kwanza, na Mnara hana masikio makubwa kuliko yangu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningejua ni yeye ningebishana. Kisha akaniambia kwamba siku ya fungu la mchanga aliliona lile boya jekundu, akasema kushoto. Akasema tena, kushoto. Mimi nakumbuka alikuwa kimya muda wote. Nimempigia simu Mnara, naye anakumbuka kushoto mbili.

Nimeona aibu, na naiandika hapa kwa sababu ndipo nilipoandika mengine.

Basi sauti msiiguse. Ombi (c) naona mlilitimiza kabla sijaliomba. Ombi (a) nimelishughulikia mwenyewe: nilimuuliza amelelewa na nani, na jibu linamhusu mama mkwe, kwa hiyo linabaki hapa nyumbani. Ombi (b) limegeuka, barua ya radhi naiandika mimi, na nimeambiwa isiwe na namba. Plasta ya kwenye skrubu nitaibandua.

Jumamosi anakuja botini. Kiti nimeshakifuta na mto nimeuanika juani. Ameweka sharti moja tu, kwamba kifaa kiwe kimewashwa njia nzima, ili yeye angalau apumzike.

Vidonge nimemeza, mbele yake. Barua hii naipeleka posta sasa hivi, na wakati wa kurudi nitapitia dukani.